Tunapenda sauti au tunapenda mitambo? Nimekaa pande zote mbili

Wakuu, salamu kwenu.

Mleta mada ameuliza swali lililonikaa kifuani miaka mingi: hawa wanaojiita wapenzi wa sauti nzuri, wanaobadilisha amplifaya kila mwaka na kununua waya wa spika kwa bei ya mbuzi wawili, wanapenda sauti kweli au wanakimbiza vifaa tu? Wengi mmejibu kwa mkato, huyu upande huu, yule upande ule. Mimi naomba nijibu kwa urefu kwa sababu nimekaa pande zote mbili, na upande wa vifaa nilikaa miaka mingi, tena kwa gharama.

Kabla ya yote tuitazame lugha yetu. Mtu akisema "nimenunua muziki", hakuna anayemuuliza wimbo gani. Wote tunajua amenunua amplifaya na spika. "Jirani ana muziki mnene" maana yake jirani ana sabufa inayotikisa vioo vya madirisha. Mtaani kwetu chombo na kinachotoka ndani ya chombo vimepewa jina moja. Nadhani ndiyo maana ni rahisi sana kupotea. Unaamini kwa moyo mweupe kwamba unaongeza muziki nyumbani kwako, kumbe unaongeza vyuma.

Nimezaliwa Tanga, Ngamiani, zile barabara za namba. Baba yangu mdogo alikuwa fundi redio. Kibanda chake kilikuwa na meza moja, kikalio kimoja cha wateja, na redio za National na Philips zilizopangwa mpaka darini, nyingine zimeachwa na wenyewe tangu sijazaliwa. Harufu ya solda mpaka leo ikinipata popote hunirudisha pale. Yeye mwenyewe hakuwa na muziki wa kujivunia. Alikuwa na National ya bendi tatu ambayo kava lake lilikuwa limefungwa kwa mpira wa baiskeli, na ndiyo hiyo aliyokufa nayo.

Lakini masikio yake sijayaona tena kwa mtu mwingine. Mteja akileta redio, baba aliiwasha, akafumba macho, akasikiliza kama daktari anayesikiliza kifua. "Hii koili inasugua." "Hii koni imechanika pembeni, chini kushoto." "Hii kapasita imekauka, ndiyo maana inavuma." Akifungua, inakuwa hivyohivyo. Na kuna siku alimrudishia mama mmoja redio yake bila kuchukua hata senti, akamwambia haina ugonjwa, akaitoe kwenye kona ya chumba tu, kona ndiyo inayoifanya ibwabwaje. Wakati ule sikuelewa. Nilikuja kuelewa baada ya kutumia mamilioni.

Jioni Redio Tanzania Dar es Salaam ilipopiga muziki wa dansi, aliweka bisibisi chini na kuniuliza swali lilelile: "Wanapiga wangapi?" Alikuwa anauliza magitaa. Mimi nasema mawili. Anasema sikiliza tena. Mnaolijua dansi letu mnajua: kuna solo, kuna sekondi solo, kuna rizimu, halafu besi inatembea chini yao. Solo kila mtu anaisikia. Rizimu ndiyo inayojificha, kama mtoto aliyejibanza nyuma ya kanga ya mama yake. Siku nilipoyatenga yote manne nilikuwa na miaka kama tisa au kumi, wimbo ulikuwa wa bendi ya Mlimani Park, waimbaji Gurumo na Bitchuka wanapokezana, na spika iliyonipa yote hayo ilikuwa ya inchi nne, karatasi yake imezibwa kwa gundi.

Nimeeleza hayo kwa makusudi. Kila mmoja wetu humu ana spika yake ya inchi nne mahali fulani. Hakuna aliyezaliwa akipenda amplifaya.

Nilihamia Dar mwaka 1996, nikapata kazi, na mshahara wa tatu ukaishia Kariakoo kwa amplifaya ya mtumba kutoka Japani. Wakongwe mnakumbuka adha yake: zile zilitengenezwa kwa umeme wa volti 100, na sisi ukutani tuna 230, kwa hiyo bila stepdauni, kile kifaa cha kushushia volti, unachoma moshi. Nikapata na spika za mbao zenye wufa, ile koni ya besi, ya inchi nane. Usiku wa kwanza nilipiga kaseti niliyotoka nayo nyumbani, na kwa mara ya kwanza nilisikia besi ikiwa noti, noti zenye majina, zinazopanda na kushuka. Miaka yote nilikuwa nimeisikia kama mtu anayepiga hatua chumba cha pili. Nilikaa sakafuni mpaka saa nane usiku. Mtu asiniambie kwamba furaha ile ilikuwa ya uongo, au kwamba nilikuwa napenda mashine. Mashine ile ilinipa kitu ambacho redio ya baba haikuweza kunipa, na nitaishukuru siku zote.

Tatizo lilianza baadaye, kati ya 2009 na 2015. Intaneti ilikuwa imefika, nikaanza kusoma majarida ya Wazungu ya vifaa vya sauti, na nikajifunza kutoridhika. Kwa miaka sita nilipitisha nyumbani amplifaya tano, jozi nne za spika, deki tatu na vigeuzi vya dijitali, vile vinavyogeuza muziki wa kompyuta kuwa sauti, ambavyo sivikumbuki idadi. Nilikuwa naandika hesabu kwenye daftari, nikaacha nilipofika milioni tisa, maana namba ile ilikuwa inafanana na bei ya kiwanja ambacho mimi na mama watoto tulikuwa tumekwenda kukiangalia Kibaha.

Yeye ndiye aliyeniamsha. Jioni moja aliingia na chai, akasimama mlangoni, akaniuliza kwa upole tu: "Baba Salma, mbona siku hizi husikilizi wimbo mpaka mwisho?"

Nilitafuta jibu nikalikosa. Ilikuwa kweli. Nilikuwa na nyimbo nne za kupimia. Nasikiliza sekunde arobaini za wimbo wa kwanza nipate besi, nusu dakika ya wa pili nipate sauti ya mwanamke, kisha ngoma, kisha piano. Halafu nahamisha spika sentimita mbili na kuanza upya. Na nyimbo zenyewe, wakuu, hazikuwa hata zangu. Zilikuwa za jazi ya Ulaya zilizorekodiwa kwa ustadi mkubwa na watu ambao sikuwahi kutaka kujua wanaimba nini. Niliziweka kwa sababu zilifanya vifaa vyangu vionekane vizuri. Kaseti zangu za dansi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, za taarab za Black Star na Lucky Star, Shakila akiimba na sauti ile inayokata kama wembe kwenye hariri, zote zilikuwa kwenye boksi chini ya kitanda. Nilikuwa nimeziacha kwa kuwa "zimerekodiwa vibaya".

Hapo ndipo ninapompa mleta mada jibu langu. Bei haikuambii kitu. Yupo mtu mwenye spika za milioni ishirini anayependa sauti kuliko mimi na wewe, na yupo mwenye sabufa ya laki moja ambaye ni mtumwa wa taa zake za rangi. Mimi naangalia jambo moja: nani anamchagulia mwenzake. Mtu anayependa sauti huchagua wimbo, kisha hutafuta chombo cha kuutendea haki. Nilipofika mimi, chombo ndicho kilichokuwa kinanichagulia nyimbo. Mtambo ulikataa Shakila, nami nikamweka chini ya kitanda.

Sasa nieleze nilivyotoka, maana naamini humu wapo wengi waliokwama nilipokwama.

Mpwa wangu alikuwa anasomea umeme chuoni na alikuja kukaa nasi likizo. Nilikuwa nimetoka kununua waya wa spika kwa laki tatu na nusu kwenye duka moja la mjini, na nilimweleza jinsi ulivyofungua sauti. Akaniuliza, "Mjomba, ungejuaje kama hukuona?" Basi tukafanya jaribio la pazia. Alitundika shuka mbele ya vifaa, akawa anarusha shilingi: kichwa, waya ghali, mwenge, waya wa kawaida wa shaba wa kufungia taa. Mimi nimekaa, naandika ninachosikia. Mara 20. Nilipata 11. Anayebahatisha angepata 10. Miezi kadhaa baadaye niliukata waya ule ili kuufupisha, nikakuta ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Duka silitaji, na wala si hoja. Alumini ina ukinzani wa umeme kama mara moja na nusu ya shaba, ingawa kwa mita tatu za waya mnene tofauti hiyo ni ndogo mno kuisikia. Kilichoniuma ni kwamba kabla ya pazia nilikuwa nimeisikia "shaba safi" kwa masikio yangu, na haikuwepo.

Tukaenda kwenye amplifaya. Hii ilinifundisha zaidi. Amplifaya mpya ilikuwa bora kuliko ya zamani, hilo niliapa. Mpwa akachukua mita ya fundi, akapiga mlio wa hezi 1,000, yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde, akapima volti kwenye vituo vya spika. Ya zamani ilitoa volti 2.0, mpya 2.25 kitufe kikiwa alama ileile. Kwa kipimo cha ukubwa wa sauti hiyo ni desibeli 1 hivi. Desibeli 1 huwezi kusema "sauti imepanda", unasema "imejaa, ina uhai". Sikio letu lina tabia hiyo, na tangu 1933 Fletcher na Munson wa maabara za Bell kule Marekani walishaonyesha kwamba sauti ikiwa chini sikio hupoteza besi kwanza, kwa hiyo ukipandisha kidogo tu, besi inarudi na unahisi chombo kimebadilika. Tulipozisawazisha mpaka mita ikasoma sawa, sikuweza tena kuzitofautisha amplifaya zile mbili. Niliuza moja wiki ileile.

Msinielewe vibaya. Tulipobadilisha spika nyuma ya shuka, hata mke wangu akiwa jikoni alisema "hizo ni zile za mwanzo". Spika ni tofauti kweli. Kwa hiyo anayesema vifaa vyote ni sawa anakosea kama anayesema kila waya una roho yake.

Baadaye nilijua kwamba wenzetu wameyapima haya zamani. Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha matokeo yao katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti, AES. Walichukua rekodi za kiwango cha juu za SACD, wakaweka katikati ya njia kifaa kinachoishusha sauti mpaka kiwango cha CD ya kawaida, biti 16 na hezi 44,100, kisha wakawauliza wasikilizaji kama wanasikia kifaa kipo au hakipo. Majaribio yalikuwa 554. Majibu sahihi 276. Nusu kwa nusu. Naye Floyd Toole, aliyefanya utafiti Kanada kisha Marekani, alionyesha pamoja na Sean Olive kwamba watu walewale huzipa spika alama tofauti wakiziona na wasipoziona. Macho yanapiga kura pamoja na masikio. Na wakifungwa pazia, wengi wao huelekea kupenda spika za aina moja: zile zisizoongeza wala kupunguza kitu. Hilo la mwisho lilinifurahisha sana, maana lina maana kwamba sauti nzuri ipo, na binadamu tunaitambua tukiachwa tusikilize.

Lakini nzuri kwa kulinganisha na nini? Hapa ndipo wengi wetu tuna pengo. Tunalinganisha spika na spika. Mwaka 1954 Gilbert Briggs, mwasisi wa spika za Wharfedale, alichukua ukumbi wa Royal Festival Hall kule London, akaweka wapigaji halisi jukwaani na vifaa vyake palepale, hadhira ikasikia chombo na rekodi yake vikifuatana. Mtu yule alitengeneza na kuuza vifaa kwa miaka mingi, na bado aliona hukumu inatoka kwa piano yenyewe.

Mimi piano yangu ilikuwa kanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarab. Mwaka 2016 nilikwenda Unguja kwa shughuli za kazi, na jioni moja nikapita Mizingani, pale kwenye jengo la zamani la Forodha ambapo wakati ule ndipo kilipokuwa chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA. Dirisha la juu lilikuwa wazi. Nikapanda ngazi. Kijana alikuwa anafanya mazoezi ya kanuni, hakuna maikrofoni, hakuna waya, mita tatu kutoka nilipokaa. Wakuu, kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, tatutatu kwa kila noti, na inapigwa kwa vidole vya shahada vilivyovishwa pete zenye kucha. Nyumbani kwenye spika zangu za fahari kanuni ilikuwa inang'aa kama vijiko vinavyodondoka kwenye sakafu ya marumaru, nami nilikuwa nauita mng'ao ule "uwazi". Pale Mizingani sikusikia vijiko. Nilisikia mbao. Kila noti ilianza kwa mkwaruzo mdogo, ikafunguka ndani ya sanduku, kisha ikabaki hewani inazeeka. Na kijana alipozuia nyuzi kwa kiganja, ule ukimya ulikuwa na umbo.

Nilikaa mpaka akafunga. Nilirudi Dar na boti ya asubuhi, na nilipowasha muziki wangu nilijua kwa sekunde kumi kwamba spika zile zinadanganya, twita zake, zile koni ndogo za sauti za juu, zimeongezwa nguvu ili dukani zimshike mteja. Majarida niliyoyasoma kwa miaka sita hayakuniambia hilo. Kijana mmoja aliyekuwa anarudiarudia maqam moja, yaani ngazi moja ya noti, aliniambia.

Nikaziuza, nikanunua ndogo zaidi na za bei ya chini zaidi. Kisha nikashughulikia chumba, na hapa nawaomba mnisome kwa utulivu kwa sababu hiki ndicho kitu chenye faida kubwa kuliko vyote na hakina duka.

Sebule zetu ni tofali la saruji, sakafu ya vigae, dirisha la vioo. Simama katikati upige kofi moja. Ukisikia mlio mkali unaotetema baada ya kofi, kama waya uliokatwa, ujue kila konsonanti ya mwimbaji wako inapata mlio huo pia. Pazia jepesi linasaidia trebo tu, yaani sauti za juu. Kinachonyonya sauti ni unene: kitu kinafanya kazi vizuri kuanzia pale unene wake unapofika robo ya urefu wa wimbi la sauti. Godoro la sentimita 15 linaanza kufanya kazi ya maana kwenye hezi 570 hivi kwenda juu. Hezi 100 robo yake ni sentimita 86, kwa hiyo besi huizuii kwa godoro wala zulia. Besi unaishughulikia kwa miguu, yaani kwa kuhama.

Chumba changu kina urefu wa mita 4. Sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi linalotuama kati ya kuta zile mbili ni la hezi 43, na tabia ya wimbi hilo ni kuwa kubwa ukutani na kufa katikati. Kiti changu kilikuwa katikati hasa. Nilikuwa nimekaa mahali ambapo besi ya chini haipo, nikanunua sabufa kuitafuta, nikaongeza sauti ya sabufa, na majirani zangu ndio waliokuwa wanaisikia. Nilisogeza kiti nyuma sentimita 80. Besi ikarudi. Yule mama wa Ngamiani aliyeambiwa aitoe redio yake konani alikuwa amepewa somo hilohilo mwaka 1984, bure.

Nyuma ya kiti nilisimamisha rafu ya vitabu na kutundika majamvi mawili mazito ya ukindu juu ya fremu yenye sponji. Pembeni, pale sauti ya spika inapogonga ukuta kabla ya kunifikia, nikaweka fremu kama hizo. Gharama yote haikufika laki mbili, na ni badiliko kubwa kuliko amplifaya zote tano zikiwekwa pamoja.

Nigusie na masikio. Anayependa sauti anayatunza, ndicho kifaa pekee kisicho na spea. Miongozo ya usalama kazini ya NIOSH ya Marekani inasema desibeli 85 mwisho ni saa 8 kwa siku, na kila ukipanda desibeli 3 muda unakatwa nusu. Ukifika 100 umebaki na dakika 15. Hesabu hiyo ifanyeni mkiwa mbele ya maspika ya kigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku, na mfikirie watoto wanaocheza mbele ya maspika hayo usiku kucha. Mimi leo nikijipima siisikii milio ya juu ya hezi 12,000. Ni umri, na ni miaka niliyosimama karibu na jukwaa bila kujali.

Mkuu mmoja hapo juu ameuliza: ana laki tano, anaanza, anunue nini? Ndugu yangu, usianze dukani. Chagua kwanza nyimbo kumi unazozipenda mwenyewe, hata kama rekodi zake zinakwaruza. Kama mjini kwako kuna bendi inayopiga laivu au kikundi cha taarab kinachofanya mazoezi, nenda ukakae karibu na chombo kimoja mpaka ukijue. Kisha tafuta spika za mtumba za rafuni, jozi, zenye koni nzima. Mpira wa pembeni ukiwa wa sponji, ubonyeze kwa kidole taratibu. Ukivunjika kama biskuti, achana nazo. Amplifaya yoyote nzima ya wati 30 kwa kila upande inatosha sebule ya kwetu. Waya wa taa wa shaba, milimita mraba 2.5. Zitoe spika ukutani, wewe toka katikati ya chumba. Utabakiwa na pesa. Za kubaki zitumie kwa muziki wenyewe, kiingilio cha dansi kikiwamo, maana wanaopiga nao wanakula.

Na hili la rekodi ndilo linaloniumiza kuliko yote. Muziki wetu mwingi wa miaka ya 60 mpaka 80 ulirekodiwa studio za RTD, na mikanda ile leo iko maktaba ya TBC. Tulio nao majumbani ni nakala za nakala. Tunabishana humu kuhusu kigeuzi gani cha dijitali kina "pumzi", na kaseti zenyewe zinaota ukungu kwa unyevu wa pwani. Nilipotoa boksi chini ya kitanda, nilikuta tatu zimenata kabisa.

Zilizobaki zilinipa mshangao. Nilizipiga kwanza zikasikika kama mtu anaimba ndani ya blanketi, nikasema ndiyo rekodi mbaya niliyoikimbia. Nikakumbuka kitu ambacho baba mdogo alifanya kila siku bila kukieleza. Kwenye deki ya kaseti, pembeni mwa kichwa kinachosoma mkanda, kuna skrubu ndogo yenye springi inayobadilisha pembe ya kichwa. Mkanda unatembea sentimita 4.76 kwa sekunde, polepole mno, kwa hiyo pembe ikikosewa kidogo tu trebo yote inapotea, na kila deki iliyorekodi ilikuwa na pembe yake. Safisha kichwa kwa pamba na spiriti, piga kaseti, kisha zungusha skrubu kwa bisibisi isiyo na sumaku, nywele kwa nywele, huku unasikiliza. Nilizungusha kama robo ya mzunguko. Shakila akatoka ndani ya blanketi. Kulikuwa na akodiani nyuma yake ambayo sikuwahi kuisikia tangu utoto. Rekodi haikuwa mbaya. Nilikuwa sijaisikiliza.

Kwa hiyo, mleta mada, ukiniuliza kama sisi tunapenda sauti, nitasema wengi wetu tulianza kwa kuipenda, na wengi tunaweza kurudi. Vifaa sijaviacha; bado nina furaha ya kufungua amplifaya ya zamani na kubadilisha kapasita zake. Ila nyimbo sasa nazichagua mimi, na nazisikiliza mpaka mwisho.

Nimebaki na kaseti kumi na moja za Black Star na Lucky Star na nne za Atomic ambazo bado zinazunguka. Nimenakili sita. Deki yangu moja mkanda wake wa mpira umelegea na saizi hiyo siipati Kariakoo. Kama kuna mkuu humu, Tanga au Dar, mwenye deki ya vichwa vitatu inayofanya kazi, aseme hapa hapa kwenye uzi tupange siku. Mvua za masika hazijaanza, na nataka hizi tisa ziwe zimetoka kwenye mkanda kabla ya unyevu kuingia.